Jiwe la Kumalizia

Kwa miezi mitano nilikuwa mwanamume mwenye ndevu ngumu. Nilikuwa naamka kwenye bedsita yangu Kinoo, napika chai ya rangi, nafungua laptopu, na kufikia saa nne asubuhi tayari nimeshanyoa mara tatu. Niliandika jinsi wembe ulivyopita shavuni bila kukwaruza. Niliandika jinsi ngozi ilivyotulia baada ya maji baridi. Mimi ni mwanamke wa miaka 26. Wembe pekee niliowahi kuushika ni ule wa dukani wa kufumulia nywele, na hata huo huwa unanikata.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja mmoja wa ng'ambo anauza mawe ya kunolea kutoka Japani. Haya si mawe ya kiwandani, ni ya asili, yaliyochimbwa kwenye vilima vya magharibi mwa Kyoto, yakakatwa mfano wa matofali madogo, na sasa yanauzwa kwa watu wanaopenda visu na nyembe kuliko kiasi. Hakuna mawe mawili yanayofanana, kwa hivyo kila moja linahitaji maelezo yake. Mteja alikuwa ananitumia picha nne na mistari miwili: urefu, uzito, mgodi, tabaka, ugumu. Mimi namrudishia maneno 150. Dola 6 kwa jiwe. Ukiandika mawe manane kwa siku, na stima isipotee, umekula, umelipa bando, na landilodi anakusalimia vizuri.

Alinichagua mimi kwa sababu ya mstari mmoja kwenye profaili yangu: Shahada ya Jiolojia.

Sasa, kuhusu hiyo shahada.

Nilisoma jiolojia miaka miwili na nusu. Mwaka wa tatu kulikuwa na safari ya kuchora ramani ya miamba, wiki tatu nje ya Nairobi, na pesa zake zilikuwa kando na karo. Mwaka huohuo bucha ya Baba kule Nakuru iliyumba. Mtu alifungua nyingine hatua chache kutoka kwake, yenye vigae vyeupe na taa za buluu, na wateja wakahama kama mbuzi walioona nyasi. Sikwenda ile safari. Halafu jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya deni. Kulikuwa na fomu ya kuomba kuahirisha semista. Nakumbuka rangi yake. Niliichukua, nikaiweka ndani ya kitabu, na sikuijaza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa siielezi kwa watu. Nikisema "karo", kila mtu anaelewa na mazungumzo yanaisha. Lakini karo ilinisukuma hadi mlangoni tu. Mlango niliufungua mwenyewe.

Nilibaki Nairobi, nikaanza kuwaandikia wanafunzi wa nchi nyingine insha zao. Makomredi wengi walikuwa wakiifanya kazi hiyo usiku. Mimi nikawa naifanya mchana pia. Ukihesabu vizuri, nimemaliza shahada kadhaa, zote za watu wengine. Na kila Jumapili baada ya kanisa Baba alikuwa anapiga simu. Anauliza hali, anauliza mvua, halafu anauliza, "Unamaliza lini?"

"Karibu, Baba."

Miaka minne nikisema karibu.

*

Hayo mawe yana majina ambayo ukiyasikia unataka kuyanunua hata kama huna kisu. Asagi ni ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Kiita ni ya njano. Nashiji ina madoadoa kama ganda la peasi. Karasu maana yake ni kunguru, kwa sababu ina mabaka meusi kama mtu aliyemwaga wino. Suita ina vitundu vidogo, na watu huilipia zaidi kwa sababu hiyohiyo ya vitundu. Migodi nayo ina majina: Nakayama, Ozuku, Ohira. Mingi imeshafungwa, na hilo ndilo linalofanya jiwe moja zuri liweze kuuzwa kwa maelfu ya dola. Huuziwi jiwe tu, unauziwa na mlango uliofungwa nyuma yake.

Nilijifunza kazi yake kwa kusoma. Mtu anayenoa kwa utaratibu wa Kijapani huanza na jiwe la kukwaruza, linaloondoa mapengo na kuyaunda makali. Kisha jiwe la kati, linalofuta mikwaruzo ya lile la kwanza. Mwisho ndipo linakuja hili la Kyoto, jiwe la kumalizia. Mawe ya kiwandani yana namba: 1000, 3000, 8000. Namba ikipanda, chembe zinazokwaruza zinakuwa ndogo zaidi. Unanunua namba na unajua umepata nini.

Jiwe la asili halina namba. Muuzaji anaweza kulikisia, lakini chembe zake si za saizi moja, na tabia yake inategemea ugumu wa udongo ulizozishikilia, maji uliyoyatia, na mkono wako. Lililo laini huachilia chembe haraka na kufanya tope. Hilo linapendwa kwa visu. Kwenye kisu cha Kijapani, ambacho mara nyingi ni chuma laini kilichounganishwa na chuma kigumu, jiwe zuri huliacha bapa na ukungu wa kijivu huku makali yenyewe yakimeta. Lililo gumu sana karibu halitoi tope lolote, na hilo ndilo wanalolitafuta watu wa nyembe, kwa sababu makali ya wembe ni membamba mno na tope zito linaweza kuyaharibu. Kwa jiwe gumu namna hiyo unahitaji kijiwe kingine kidogo cha kusugulia juu yake ili upate maji ya maziwamaziwa ya kuanzia. Kijiwe hicho huitwa nagura.

Wanaosafisha panga za samurai hufika mbali zaidi. Wanachonga vipande vyembamba vya jiwe, wanavibandika kwenye karatasi, na kuvisugua kwa kidole gumba juu ya panga. Nilipolisoma hilo nilikaa kitandani nikiangalia kidole changu. Jiwe jembamba kama ukucha! Kuna mtu anaamka kila siku kufanya hivyo, na mimi naamka kuandika kwamba nimefanya.

Kitu kimoja tu kwenye kazi hiyo sikuhitaji kukibuni, nacho kilikuwa jiolojia.

Kuna mwamba mgumu ambao Waingereza huuita chert. Mhadhiri wetu alipolitamka neno hilo mara ya kwanza, mtu mmoja nyuma ya darasa alisema kwa sauti, "Ndicho tulichokuja kutafuta!" Darasa likacheka dakika nzima, mhadhiri akiwa hajui ni kwa nini. Kwa masikio yetu alikuwa amesema cheti.

Cheti hicho hujengwa na viumbe vidogo vya baharini viitwavyo radiolaria. Mifupa yao ni ya silika, kama kioo. Wakifa wanazama, na kwenye sakafu ya bahari kuu, mbali na nchi kavu, mabaki yao yanajaa polepole hadi kuwa mwamba. Kisha miaka kama milioni 252 iliyopita yakatokea maangamizi makubwa kuliko yote ambayo dunia hii imeyapitia. Sehemu kubwa sana ya viumbe vya baharini ilitoweka. Mvua ile ya mifupa ikakaribia kukatika. Kilichobaki kuzama ni udongo laini sana na vumbi, kidogokidogo, kwa mamilioni ya miaka.

Udongo huo ndio uliokuja kuwa mawe ya Kyoto. Sakafu ya bahari ilisafiri, ikasukumwa na kukwanguliwa kwenye ukingo wa bara la Asia, ikainuka kuwa vilima, na watu wa Japani wakaja kuuchimba. Wanajiolojia wao wanaliita tabaka hilo kwa jina la kazi yake, toishi, yaani jiwe la kunolea. Chini yake kuna chert. Juu yake, viumbe viliporudi, kuna chert tena. Pale cheti kilipokatika ndipo jiwe lilipopatikana.

Niliyaandika hayo kwenye maelezo ya jiwe moja la njano la Ozuku, bila ule utani. Mteja alifurahi hadi akaniongezea dola 2.

*

Nilikuwa nimeishi Kinoo mwaka mzima nikiwasikia makonda wakiita "Kinoo, Kinoo, hamsini!" bila neno hilo kuniambia chochote zaidi ya mahali pa kushuka. Siku moja nilifungua kamusi kutafuta Kiswahili cha kitu ninachokiuza, nikakikuta: kinoo, jiwe dogo la kunolea. Nilicheka peke yangu. Anwani yangu ilikuwa inanijua kuliko nilivyojijua.

Basi ikaja Jumanne moja ya mwezi wa Julai, ile baridi ya Nairobi ya kuandika ukiwa ndani ya blanketi. Mteja alinitumia ujumbe kutoka kwa mnunuzi. Aliniomba niandike jibu, kwa sababu, alisema, "wewe ndiye mwenye maneno."

Mnunuzi alikuwa mwanamume anayefanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Aliandika hivyo mwenyewe, kama watu wanavyojitambulisha kabla ya kuomba msamaha. Alikuwa amerithi wembe wa kukunja wa kaka yake. Aliweka akiba miezi kadhaa akanunua jiwe la asagi, ugumu wa 5 kati ya 5, kwa sababu maelezo yalisema ni "jiwe rafiki hata kwa anayeanza". Alinoa jioni tatu. Wembe uliteleza kama kwenye kioo. Hakuna kilichobadilika. Hakulalamika kuhusu jiwe. Mwisho wa ujumbe aliuliza swali moja tu: "Nakosea wapi?"

Nilijua ni nani aliyeandika "rafiki hata kwa anayeanza". Nilikuwa nimeiandika kwenye mawe kama kumi na moja, kwa sababu maneno 150 ni mengi ukishamaliza rangi na urefu.

Jibu la kwanza nililoliandika lilikuwa zuri. Lilimwambia mazoezi ni muhimu, kila jiwe lina tabia yake, asikate tamaa. Lilikuwa na upole wa yule karani anayekwambia urudi kesho. Nililisoma mara mbili nikaona nimemfanyia yule mtu jambo lilelile nililojifanyia mimi mwaka wa tatu: kumwacha aamini kosa ni lake, kisha kumfungia faili. Maana hata mimi niliuliza swali hilo, nakosea wapi, nikiwa chumbani na ile fomu ndani ya kitabu. Nilijiuliza mwenyewe tu. Sikumuuliza mtu yeyote ambaye angeweza kunijibu.

Nililifuta jibu nikamwandikia mteja. Nilimwambia sijawahi kugusa hata jiwe moja kati ya yale mawe 160 niliyoyaandika. Nilimwambia mimi si mwanamume, hilo halikumshtua. Nilimwambia shahada sina. Nina miaka miwili na nusu. Nilimwambia lile jiwe halikumfaa yule mtu na kwamba maneno yaliyomuuzia yalikuwa yangu.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku hizo mbili nilihesabu unga, nikahesabu gesi. Kisha akajibu kwa kifupi. Angempa mnunuzi nafasi ya kulirudisha jiwe. Angenilipa mawe manane ya mwisho, dola 48. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Nilimwomba anilipe kwa jiwe.

Usinipigie makofi. Kodi ilikuwa inadaiwa, na rafiki yangu tuliyekuwa naye kempasi aliniuliza kama nimerogwa. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayejua kila kitu kuhusu kitu asichokijua. Mteja alisema dola 48 haziwezi kununua tofali zima, ila angenitumia kipande, yale mabaki yasiyo na umbo yanayouzwa bei ya chini, pamoja na kijiwe cha kusugulia. Nikasema sawa.

*

Kifurushi kilifika baada ya wiki sita. Kwenye dirisha la vifurushi yule mama alikipima kwa mkono, akakitikisa.

"Ni nini hii?"

"Jiwe."

"Umeagiza jiwe?" Alimgeukia mwenzake. "Huyu ameagiza jiwe Japani. Kwani ya Kenya yameisha?"

Lilikuwa dogo kuliko kiganja changu, la njano iliyofifia, upande mmoja umesawazishwa na pande nyingine zimebaki kama zilivyovunjika. Nililiweka juu ya meza nikaliangalia kama mgeni ambaye umezungumza naye kwa simu miaka mingi. Lilikuwa baridi. Nililipitishia kidole, nilitarajia msasa, nikahisi kitu kama sabuni kavu.

Nililimwagia maji, nikachukua kisu changu cha kukatia sukumawiki, nikaanza. Dakika ishirini. Nilikuwa nimeandika kuhusu sauti ya jiwe zuri, nikaisikiliza. Nilikuwa nimeandika kuhusu jinsi linavyokishika chuma, nikakingoja. Kisu kiliteleza. Nilijaribu nyanya, ikabonyea na kupasuka pembeni. Sukumawiki niliyoikata jioni hiyo ilikuwa na mapande ya kutosha kulisha sungura.

Kwa hivyo mimi na yule msafishaji wa usiku tulikuwa tumefika mahali pamoja.

Wiki hiyohiyo nilipanda matatu ya Nakuru.

Nilimkuta Baba jioni, bucha ikikaribia kufungwa. Kwenye ndoano kulikuwa na mguu mmoja wa mbele na kipande cha mbavu. Yeye mwenyewe alikuwa anafuta mizani. Amekonda kidogo. Kisu chake cha kutenga nyama na mfupa ni kilekile cha utotoni mwangu. Fundi wa jua kali alimtengenezea kutoka kwenye msumeno wa zamani, na kimenolewa hadi kimebaki chembamba kama jani la mwanzi.

"Umekuja na nini?" aliuliza, kwa sababu nililishika jiwe mkononi kabla hata ya kukaa.

"Jiwe la kunoa, Baba. La Japani."

"La hapa limekataa kazi?"

Lakini alilichukua. Aliligeuza kwenye mwanga, akalikuna kwa ukucha, akalinusa. Hilo la kunusa sikuwa nimelisoma popote. Aliliweka juu ya gogo, akalimwagia maji kidogo, akakilaza kisu. Alipitisha mara nne, mara tano. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Linateleza," alisema.

"Hata kwangu liliteleza. Nafikiri ni gumu sana."

Alipitisha kidole gumba kukingama makali, polepole. "Hapana. Jiwe halina kosa. Kisu ndicho hakijafika hapa."

Akaenda nyuma. Mlango wa nyuma wa bucha una ngazi moja ya saruji ambayo imechimbika katikati kama kijiko, kwa miaka ya watu kunolea mapanga hapo. Aliketi kando yake na lile jiwe lake la pande mbili la duka la vyuma, akaanza na upande wa kukwaruza. Hakuongea. Baada ya muda aliniita nipapase upande wa pili wa makali, na nikahisi kitu kidogo kama ukingo wa karatasi, chuma kilichokunjika kuja huku. "Ukikihisi hicho toka mpini hadi ncha, ndipo unageuza. Usipokihisi, hujafika, hata ukiwa na jiwe la dhahabu." Akageuza. Akahamia upande laini wa jiwe. Mbwa wa jirani alikuja, akaona hakuna nyama, akaondoka. Giza lilikuwa linaingia aliponiambia nilete lile langu.

Nilimwonyesha jinsi ya kusugua kijiwe kidogo juu ya kikubwa hadi maji yawe kama maziwa. Hilo nilikuwa nalijua. Alikilaza kisu, akavuta, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, nzito, kama mtu anayepangusa dirisha kwa kitambaa chenye maji. Yale maziwa yakaingia michirizi myeusi. Hiyo ni chuma inayotoka.

"Sasa limeshika," alisema.

Miezi mitano nilikuwa nimeandika neno "kumalizia", na sikuwahi kuandika kwamba jiwe hili haliwezi kukupa makali ambayo hukuyajenga kabla. Linamalizia tu. Kama hakuna kilichoanzwa, linateleza.

Nikasema, "Baba, nilitoka chuo."

Mkono wake haukusimama. "Lini?"

"Mwaka wa tatu."

Alivuta mara kadhaa. "Nilijua, tangu ile semista hukuitisha karo. Mtoto wa kuacha kuitisha karo hayuko."

"Mbona basi ulikuwa unaniuliza kila Jumapili?"

"Nilikuwa nangoja uniambie." Aligeuza kisu. "Pesa za ile semista nilizipata. Mwezi wa Mei. Nilimuuzia mjomba wako ile friza. Nilizikalisha hapa, nikijua utapiga simu. Ukanyamaza."

Sikuwa na la kusema. Ninayalipwa maneno, na sikuwa nalo hata moja. Kwa miaka minne nilikuwa nimemkinga na habari ambayo alikuwa nayo, na yeye alikuwa amenikinga na hii. Friza iliuzwa kwa ajili ya fomu iliyokuwa ndani ya kitabu. Nilianza kulia na akaniacha nilie. Hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alimaliza upande ule, akakiosha kisu, akalijaribu kwenye mkono wake. Vinywele vilidondoka bila kelele.

"Mlikuwa mnasoma nini huko, lakini?" aliuliza. "Hujawahi kuniambia. Mimi nasema tu mawe."

Nikamweleza hapo kwenye ngazi, nikitumia lile jiwe. Nilimweleza kuhusu bahari na vile viumbe, na maangamizi, na udongo uliozama peke yake kwa mamilioni ya miaka. Nikamwambia mpaka utani wa nyuma ya darasa, kwamba chini ya jiwe hili kuna cheti, halafu cheti kinakatika, halafu linakuja hili, halafu juu yake cheti kinarudi.

"Kinarudi baada ya muda gani?"

"Miaka milioni kadhaa."

Baba alicheka hadi akashika ukuta. "Basi hatuna haraka," alisema.

*

Nilirudi Kinoo bila jiwe. Baba alisema nimwachie wiki moja aone kama linafaa, na wiki hiyo haijaisha hadi leo. Nilimwonya kwamba Wajapani hulipaka vanishi pande zote isipokuwa ile ya kunolea, ili maji yasiingie kwenye tabaka na kulipasua. Nilipokwenda tena nilikuta amelipaka rangi ya kijani iliyobaki kutoka mlango wa bucha. Jiwe la Kyoto, lenye umri mkubwa kuliko dinosaria, la kijani kama kibanda cha maziwa. Analifunga kwenye kitambaa na kulitumia kwa kile kisu kimoja tu, baada ya mawe mengine yote.

Nilimwandikia yule msafishaji kupitia kwa mteja, kwa kuwa alikuwa ameamua kubaki na lile jiwe la asagi. Nilimwambia hakosei. Nilimwambia jiwe lake si bovu, ila kuna mawe mawili yanayokuja kabla yake, hata ya bei rahisi ya kiwandani yanatosha, na kwamba wembe wa kaka yake unatakiwa kupita huko kwanza. Nilimweleza jinsi ya kusugua hadi yatoke maziwa, na kwamba akiona nyeusi ajue limeshika. Nilimwambia alipaswa kuambiwa hayo kabla ya kulipa, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Mteja alinijibu: "Nimemtumia."

Profaili yangu sasa inasema: miaka miwili na nusu ya jiolojia, sikumaliza. Kazi zimepungua, sitakudanganya. Mwezi uliopita nililipa kodi kwa mafungu mawili. Chuo kimoja kimenijibu kuhusu kuhamisha masomo. Wanataka barua, nakala za matokeo, na fomu. Fomu ni kurasa nne. Nimejaza tatu.

Baba bado anapiga simu Jumapili. Juzi aliuliza hali, akauliza mvua, akanyamaza kidogo. Nilingoja lile swali. Akasema mteja mmoja amerudi kutoka kwa yule wa vigae vyeupe, eti nyama ya huku inakatwa vizuri.